KUPANDIKIZA NGOZI NA SELI SHINA KATIKA KUPONYA MAJERAHA
Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote

Katika nyumba zetu nyingi, mjini na shamba, moto ungali unawashwa chini, juu ya mafiga au katika jiko la mkaa, na watoto hucheza papo hapo. Sufuria ya uji, birika la chai, karai la mafuta ya kukaangia na kibatari cha mafuta ya taa ni vyombo vya kila siku, na ndivyo vinavyounguza watu. Mtu anapoungua, swali la kwanza linaloulizwa na jirani huwa ni dawa gani ipakwe. Makala haya yana madhumuni ya kueleza kwa nini swali hilo halistahili kuwa la kwanza, na kwa nini yale yanayotendwa nyumbani katika saa za mwanzo ndiyo yanayoamua daktari ataweza kufanya nini baadaye.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuungua, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wanaopona bila ya matibabu yanayofaa mara nyingi hubaki na mkono usionyooka, shingo iliyovutwa kifuani au vidole vilivyoshikana.

Aidha, wananchi wamekuwa wakisikia habari za ngozi inayooteshwa maabara, na za tiba ya seli shina. Baadhi ya habari hizo ni za kweli kabisa. Nyingine zimetiwa chumvi, na nyingine ni biashara tu. Inafaa basi kila mtu ajue ni ipi ya kuamini.

NGOZI NA SHINA LAKE

Ngozi ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ya mtu mzima ikitandazwa hufikia eneo la mita za mraba 1.5 hadi 2. Inazuia maji ya mwili yasipotee, inazuia vijidudu visiingie, na inasaidia kutunza joto la mwili. Imegawika katika tabaka mbili kuu. Tabaka la juu ni jembamba na halina mishipa ya damu. Tabaka la ndani ni nene na lenye nguvu, na ndimo ilimo mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mashimo ya nywele na matezi ya jasho.

Tabaka la juu hufa na kupukutika kila siku, na jipya huchukua nafasi yake kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kazi hiyo ya kuzalisha upya hufanywa na seli maalum zinazoitwa seli shina. Zinakaa katika safu ya chini kabisa ya tabaka la juu, na nyingine zimejificha ndani zaidi, katika mashimo ya nywele na katika matezi ya jasho. Seli shina inapojigawa hutoa seli nyingine ya kuwa ngozi, na wakati huo huo shina lenyewe hubaki.

Mfano wake ni mgomba. Mgomba ukikatwa, tunguu lake likabaki ardhini, huchipua tena wenyewe. Tunguu likichimbuliwa lote, pale pale hapaoti mgomba mpaka uletwe mche kutoka kwingine. Ngozi nayo iko vivyo hivyo, na mwenye kuushika mfano huu ataelewa yote yatakayofuata.

DARAJA ZA KUUNGUA

Madaktari hupima jeraha la moto kwa kina chake, yaani kwa kuangalia mashina yaliyobaki.

(a) Kuungua kwa juu. Ngozi huwa nyekundu na yenye kuuma, bila ya malengelenge. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani sana. Hupona kwa siku chache na haliachi kovu.

(b) Kuungua kwa kati. Hutokea malengelenge, jeraha huwa na majimaji na maumivu huwa makali. Tabaka la juu limeondoka, lakini mashina yaliyomo katika mashimo ya nywele yamesalimika. Likitunzwa safi, jeraha ambalo halikwenda chini sana hufunga lenyewe katika muda wa wiki 2 hadi 3. Liloingia ndani zaidi huchukua muda mrefu na huacha kovu nene.

(c) Kuungua kwa kina. Ngozi huwa nyeupe, ya hudhurungi au nyeusi, kavu na ngumu kama ngozi iliyodabaghiwa. Mashina yote yameungua. Mishipa ya fahamu nayo imeungua, kwa hiyo mgonjwa hahisi maumivu mengi mahali hapo. Watu wengi hudanganyika hapa, wakadhani kwamba jeraha lisilouma ni jepesi, na kumbe ndilo baya zaidi.

Jeraha la aina hii ya tatu haliwezi kuota ngozi katikati yake. Hufunga kwa kutambaa kutoka kingoni, na kwa kujivuta na kujikunja. Likiwa dogo kama sarafu, hakuna neno. Likiwa kubwa, hukaa wazi kwa miezi, na likiwa juu ya kiungo, kovu lake hukivuta kiungo hicho mpaka kikakakamaa. Mtoto aliyeungua kiwiko akaachwa nyumbani hukua na mkono uliopinda. Hasara hiyo huletwa na kuchelewa kuliko moto wenyewe, na kwa sehemu kubwa inaweza kuzuiwa.

KUPANDIKIZA NGOZI

Pale ambapo mashina hayapo, dawa yake ni kuleta mche kutoka mahali pengine katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1869 daktari wa upasuaji Jacques-Louis Reverdin, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alichukua vipande vidogo sana vya ngozi akaviweka juu ya kidonda kilichokuwa kikipona, navyo vikashika na kuenea. Mwaka 1874 daktari wa Kijerumani Karl Thiersch alieleza namna ya kuchukua vipande vipana na vyembamba. Kazi inayofanywa katika hospitali hadi leo imejengwa juu ya msingi huo.

Utaratibu wake ni huu. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari huondoa kwanza nyama yote iliyokufa katika jeraha mpaka afike kwenye nyama hai inayotoka damu. Kisha kwa kisu maalum huchukua utando mwembamba wa ngozi, mara nyingi kutoka pajani. Utando huo una tabaka lote la juu na sehemu tu ya tabaka la ndani. Kwa hiyo mashimo ya nywele hubaki pajani, nayo huotesha ngozi upya kwa muda wa kama wiki 2. Mahali palipotolewa ngozi hupona penyewe, na yeyote mwenye khofu kwamba atabakia na vidonda viwili aelezwe jambo hili.

Jeraha likiwa pana kuliko ngozi iliyopo, utando hupitishwa katika mashine inayoutoboa matundu mengi, ukawa kama wavu na kuweza kutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Mashine ya namna hiyo ilielezwa na daktari wa Kimarekani aitwaye Tanner na wenzake mwaka 1964. Matundu ya wavu hujazwa baadaye na seli zinazotambaa kutoka kwenye nyuzi zake.

Siku za mwanzo kiraka cha ngozi hakina damu yake. Kwa muda wa siku 2 hivi huishi kwa kunyonya majimaji ya jeraha, kisha mishipa midogo ya damu huungana nacho, na ifikapo siku ya 5 hadi ya 7 huwa kimeshika. Mambo matatu hukiua: damu inayokusanyika chini yake, vijidudu, na kusogezwa kabla ya kushika. Kwa sababu hiyo mgonjwa hukatazwa kutumia kiungo hicho, na jamaa zake hukatazwa kufungua bendeji ili kutazama.

NGOZI YA MTU MWINGINE

Wazazi wengi huuliza: je, siwezi kumpa mwanangu ngozi yangu? Jibu lilipatikana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 Thomas Gibson, daktari wa upasuaji, na Peter Medawar, mtaalamu wa sayansi ya viumbe, walichapisha habari za mgonjwa aliyeungua, katika mji wa Glasgow, ambaye alipandikizwa ngozi ya ndugu yake. Ngozi hiyo ilishika kwa muda, kisha ikafa. Na ilipopandikizwa mara ya pili ilikufa upesi zaidi. Medawar akathibitisha kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoitambua ngozi ya mgeni na kuikataa. Kwa uchunguzi wake katika elimu hiyo alipata tunzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Frank Macfarlane Burnet.

Ngozi ya mtu mwingine hutumika basi kama kifuniko cha muda tu, cha kuokoa maisha mpaka ngozi ya mgonjwa mwenyewe ipatikane. Ni pacha waliotokana na yai moja peke yao wanaoweza kupeana ngozi ikadumu.

NGOZI INAYOOTESHWA MAABARA

Mtu aliyeungua takriban mwili mzima hana paja la kuchukuliwa ngozi. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuotesha ngozi nje ya mwili. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walieleza jinsi walivyofaulu kuotesha seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu katika vyombo vya maabara, wakizilisha juu ya seli za panya zilizozuiwa kuzaliana. Kwa njia hiyo kipande cha ngozi chenye ukubwa wa stempu ya barua, katika muda wa wiki 3 hadi 4, huweza kutoa utando wa kufunika mwili wa mtu mzima.

Mwaka 1983 watoto wawili ndugu, wa miaka 5 na 6, waliungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao huko Wyoming, Marekani. Walitibiwa Boston, na zaidi ya nusu ya miili yao ilifunikwa kwa ngozi iliyooteshwa kutoka katika vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe. Waliishi. Habari zao zilichapishwa mwaka 1984.

Hata hivyo, ilionekana kwamba ngozi ya maabara mara nyingine hudumu na mara nyingine hupotea. Mwaka 1987 Yann Barrandon na Howard Green walionyesha kwamba seli zinazooteshwa hazilingani: chache huweza kujigawa mara nyingi mno, na nyingi huchoka upesi. Zile chache ndizo mashina. Utando usio na mashina ya kutosha ni kama shamba lililopandwa majani ya mgomba.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Ujerumani. Mwaka 2015, katika mji wa Bochum, mtoto wa miaka 7 alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake kwa maradhi ya kurithi yanayofanya tabaka la juu lisishikamane na la ndani, hata kuguswa tu kukaleta malengelenge. Madaktari walichukua kipande cha ngozi yake cha sentimita 4 za mraba. Wataalamu wa Italia wakiongozwa na Michele De Luca walizitia seli zake chembe ya urithi iliyokosekana, wakaotesha utando, nao ukapandikizwa katika takriban asilimia 80 ya mwili wa mtoto. Taarifa yao ya mwaka 2017 ilieleza kwamba mtoto alikuwa amerudi skuli, na kwamba ngozi yake yote mpya ilikuwa ikitunzwa na idadi ndogo ya seli shina.

Mafanikio haya yasituzuie kuona mipaka yake. Kazi hii inahitaji maabara maalum na gharama kubwa sana, na mgonjwa lazima awekwe hai kwa wiki kadhaa akisubiri. Utando wenyewe ni dhaifu, haujifunikii vizuri pasipokuwa na tabaka la ndani, na hauna nywele wala matezi ya jasho. Ili kusaidia tabaka la ndani, John Burke na Ioannis Yannas wa Marekani walieleza mwaka 1981 kitu kilichotengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na kiungo kitokanacho na gegedu la papa, ambacho mwili hukifanya kiunzi cha kujengea tabaka jipya. Kwa walio wengi, utando wa kawaida kutoka pajani ungali ndio tiba bora, na ni tiba ambayo daktari wa upasuaji anaifahamu vyema.

TAHADHARI KUHUSU "SINDANO ZA SELI SHINA"

Seli shina hupatikana pia katika uboho wa mifupa na katika mafuta ya mwili. Wataalamu wanazichunguza kwa ajili ya vidonda visivyopona. Inaelekea kwamba nyingi ya seli hizo hazigeuki kuwa ngozi, bali hutoa kemikali za kuziamsha seli zilizopo na kupunguza uvimbe. Uchunguzi huo unaendelea, na tiba hiyo haijawa ya kawaida kwa majeraha.

Wako, hata hivyo, wanaouza sindano, vidonge na mafuta ya kupaka kwa jina la seli shina, wakiahidi kuponya kila maradhi. Vidonge na mafuta hayo hayana seli hai yoyote, kwani seli hai haiwezi kuishi katika chupa iliyowekwa rafuni dukani. Sindano nazo zina hatari: mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake watatu walioharibikiwa macho baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta yao wenyewe. Mwananchi anayeelezwa habari za tiba hiyo amwulize kwanza daktari wa hospitali kabla ya kutoa fedha.

Vile vile imesikika kwamba ngozi ya samaki hutibu majeraha ya moto. Ni kweli kwamba wataalamu wa Fortaleza, nchini Brazili, wamejaribu ngozi ya perege kuwa kifuniko cha majeraha na wakapata matokeo ya kutia moyo. Lakini ngozi hiyo husafishwa na kuuliwa vijidudu kwa utaratibu wa maabara. Ngozi ya samaki kutoka sokoni isiwekwe kamwe juu ya jeraha.

VIDONDA VYA KISUKARI

Wenye kisukari hupoteza hisia za miguu, na damu huwafikia kwa shida. Kokoto ndani ya kiatu huweza kufanya kidonda bila ya mwenyewe kujua. Marekani iliruhusu mwaka 2000 kutumiwa kwa vidonda hivyo ngozi ya maabara yenye tabaka mbili, ambayo seli zake hutokana na ngozi inayoondolewa watoto wachanga wanapotahiriwa. Ngozi hiyo haidumu, bali huziamsha seli za mgonjwa mwenyewe. Hata hiyo haifai kitu ikiwa mgonjwa anaendelea kukanyagia kidonda na sukari yake iko juu. Kila mwenye kisukari atazame nyayo zake kila siku, asitembee peku, na aende hospitali kwa kidonda chochote cha mguu.

MAMBO YA KUFANYA MTU ANAPOUNGUA

1. Aondolewe kwenye moto. Nguo iliyoroa maji ya moto, pete na bangili zivuliwe. Nguo iliyogandia mwilini isibanduliwe.

2. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20. Maji hayo yana faida hata zikiwa zimepita saa 3 tangu ajali. Barafu isitumiwe. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, hasa kwa mtoto mdogo, ili asipatwe na baridi.

3. Pasipakwe dawa ya meno, samli, mayai, majivu, mafuta ya taa wala majani yaliyopondwa. Vitu hivyo huleta vijidudu, na vijidudu huua mashina yaliyosalia. Jeraha ambalo lingefunga lenyewe huweza kugeuka la kuhitaji upasuaji.

4. Malengelenge yasitumbuliwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Aulizwe pia habari za chanjo ya pepopunda.

5. Aende hospitali bila ya kuchelewa ikiwa ni mtoto mchanga au mzee. Ikiwa ameungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au juu ya kiungo. Ikiwa ameunguzwa na umeme au kemikali. Ikiwa jeraha ni jeupe au jeusi na haliumi. Au ikiwa ni kubwa. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Viganja 5 kwa mtoto, au 10 kwa mtu mzima, ni jeraha kubwa.

6. Jeraha lolote la moto ambalo halikufunga baada ya wiki 2 lionyeshwe kwa daktari, ili aamue kama linahitaji kupandikizwa ngozi kabla kovu halijavuta kiungo.

Masheha, walimu wa skuli na madrasa, na wakuu wa ofisi wanaombwa wawasomee maelezo haya wale wasioweza kujisomea, hasa kina mama na kina baba wenye watoto wadogo, na hasa unapokaribia mwezi wa Ramadhani, wakati majiko yanapowaka karibu na magharibi na kila mtu ana haraka.

Sayansi imefika mbali, lakini haijaweza kuumba ngozi pasipokuwa na ngozi. Kila tiba iliyotajwa hapa, ya kisu na ya maabara, huanzia kwenye seli hai zilizosalimika. Kuzilinda seli hizo katika saa ya kwanza ni kazi ya mtu aliye karibu na mgonjwa, naye huhitaji ndoo ya maji na kitambaa safi tu.